Katoni Mbili za Sabuni

Mwaka 1986, ndani ya basi la kutoka Bunda kwenda Musoma, nilijifanya nimesinzia ili nisikose neno. Mbele yangu mzee Kasmiri wa Suguti alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye, Mwanaupe, muuza kanga, kwamba anakwenda mahakamani kujisalimisha.

"Kwa kosa gani, baba?"

"Sabuni. Ule mwaka wa msako wa walanguzi nilikamatwa na katoni mbili. Nilipopewa dhamana nikakimbilia visiwa vya ziwani. Juzi karani wa kijiji kaniambia hati yangu ya kukamatwa ipo bado polisi."

"Sabuni si zimejaa madukani sasa? Rudi nyumbani, nani anakukumbuka?"

"Hati inanikumbuka. Nilikuwaga najificha kila nikiona kofia ya askari. Mama yangu kazikwa mimi nikiwa kisiwani. Jumamosi binti yangu Dafroza anaolewa, nataka nisimame naye kanisani."

"Na wakikuweka ndani?"

"Leo Jumatatu. Nimewapa siku tano wanifikirie."

Mwanaupe alicheka, kisha akafuta macho. Mimi nilisahau kabisa kusinzia.

"Mdhamini unaye?"

"Sina. Nitamwambia hakimu ukweli tu."

Basi likasimama Musoma. Mzee akashuka, akanyoosha koti lake, akauliza njia ya mahakamani. Mwanaupe akajitwisha furushi la kanga na kumfuata.

"Bado nasema unakosea," alimwambia. "Njia ni hii. Na jina langu uwaambie vizuri, ni Mwanaupe binti Hamduni."