Mwalimu Emu na Kadi Elfu Mbili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu wa Kilatini. Naam, Kilatini. Nasikia kuna mtu huko ameshaguna. Usihame stesheni, nakuomba. Hata mimi niliguna hivyo hivyo siku ya kwanza nilipoingia darasani kwake.

Tulimwita Mwalimu Emu. Mnajua kwa nini? Katika Kilatini, neno hubadilika mkia kulingana na kazi linayofanya. Msichana anayetenda ni puella. Msichana anayetendwa ni puellam. Mara nyingi ile emu ya mwisho ndiyo inayokuambia nani kafanyiwa jambo. Wataalamu wanaita akuzativu. Yeye alisema, "Hali ya mtendwa, basi, msijitie woga."

Alikata kipande cha boksi, akaandika M kubwa, akakitia uzi. Mwanafunzi mmoja anaita, mwingine anaitwa. Anayeitwa anavishwa M shingoni. Mimi niliivaa karibu muhula mzima, maana kila kitenzi cha kusukumwa na kugombezwa kilinihusu. Mitihani yake nilifeli mara mbili. Lakini niamshe sasa hivi usingizini, nitakwambia mtendwa yuko wapi.

Tena msidhani kutendwa ndiyo kazi pekee ya hali hiyo. Lo! Unakwenda nyumbani, ni hiyo hiyo. Umekaa miaka mitatu, hiyo hiyo. Umetembea maili kumi, hiyo hiyo. Hata ukipiga yowe, "Maskini mimi!", Mrumi alitumia hali hiyo hiyo. Mzee akaamua kuziandikia kazi zote hizo kitabu kwa Kiswahili. Kilimchukua miaka ishirini na sita. Narudia, ishirini na sita.

Kitabu hakikuwa kwenye daftari. Kilikuwa kwenye kadi, sentensi moja kila kadi, ndani ya maboksi saba ya viatu. Kadi elfu mbili na zaidi. Boksi la mtendwa, boksi la mwendo, boksi la muda, boksi la mshangao, na mengineyo. Juu ya kadi hakuandika namba wala jina la boksi. Mpangilio ulikuwa kichwani mwake na mkononi mwake. Shikeni hilo: mpangilio ndio uliokuwa kitabu.

Sasa ana binti, kitinda mimba wake, karani wa masijala ya hospitali. Huyu dada amepanga mafaili maisha yake yote, herufi kwa herufi. Mwaka jana mzee akalazwa kwa ajili ya moyo. Binti akaona amfanyie baba yake jambo la kumfurahisha. Akaingia chumbani kwake, akafuta vumbi, akapangusa madirisha. Kisha akazimwaga zile kadi zote kitandani, akazipanga upya kwa alfabeti. A mpaka V. Kazi safi kabisa!

Mama mtu akaingia na kikombe cha chai. Akasimama mlangoni. Akauliza, "Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimezipanga, mama. Zilikuwa shaghalabaghala."

Mama aliniambia mwenyewe: "Nilikaa chini sakafuni, chai na yote. Nilijua kitabu kimekufa."

Na mzee alikuwa anarudi nyumbani kesho yake. Daktari ameonya: asishtuliwe. Macho nayo yalishaingia mtoto wa jicho, hawezi tena kusoma kadi. Binti afanye nini? Akisema, anaweza kumuua baba. Akinyamaza, mzee atakufa na kitabu kisichokuwepo. Alinyamaza siku kumi na moja. Siku kumi na moja, wasikilizaji, hali, halali. Baba akiuliza maboksi, anaambiwa, "Pumzika kwanza, baba."

Siku ya kumi na mbili, baada ya chakula cha mchana, mzee akasema, "Niletee boksi la muda. Nisomee."

Akaleta boksi. Lipi? Hata yeye hajui. Akasoma ya kwanza: "Ad urbem venit. Alikuja mjini."

"Hiyo si ya muda. Endelea."

"Amicum video. Namwona rafiki."

Binti akashindwa. Akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nimezivuruga."

"Ngapi?"

"Zote, baba. Kwa alfabeti."

Mzee akashika kifua, akapaza sauti: "Heu, me miserum!" Maskini mimi! Binti akarukia simu amwite daktari. Akiwa anabonyeza namba, akasikia kitu nyuma yake. Mzee anacheka. Anacheka mpaka anakohoa.

"Weka simu chini, bwana. Hiyo niliyosema inaingia boksi gani?"

"La... la mshangao?"

"Ahaa! Kumbe ulikuwa unanisikia miaka yote. Haya, chukua kadi ya kwanza."

Ikawa hivyo. Kila mchana binti anasoma, baba anataja boksi. Wiki saba. Siku moja wakafika kwenye D. Kadi mbili zimelala pamoja, ambazo kwa miaka yote zilikuwa maboksi mbalimbali. Domum aedificat, anajenga nyumba. Domum it, anakwenda nyumbani. Neno lile lile, kazi mbili. Mzee akamwambia arudie. Akarudia. Mzee akasema, "Mwanafunzi hukwama hapa hapa, na mimi nilikuwa nawatenganisha!" Akaongeza sura nzima. Njiani walikuta pia kadi arobaini na moja zilizokaa boksi lisilo lake tangu zamani. Kosa lake mwenyewe mzee.

Kitabu kilikwenda kiwandani kuchapwa kikiwa kamili. Kilipotoka, mzee alikipapasa jalada, akakinusa, akakiweka tumboni akalala. Alifariki wiki tatu baadaye, akiwa ametulia. Binti aliniambia, "Nilipumua. Nililia sana, lakini nilipumua." Na mimi, kusema kweli, nimepumua pamoja naye.

Lakini kuna neno mzee alilomwambia binti yake mchana ule ule wa kuombwa msamaha, nalo limenikaa moyoni. Alimwambia, "Kadi ningezipanga tena hata mara tatu. Kilichoniuma ni wewe kuteseka siku kumi na moja peke yako, na mimi nipo chumba cha pili."

Kwa mama, kwa binti, kwa wote aliowavisha M, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwalimu wetu apumzike kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza. Kama kuna jambo unamficha mzazi wako ukidhani unamlinda, leo nenda ukamwambie. Pengine atashtuka. Pengine atakugombeza mpaka majirani wasikie. Nenda hivyo hivyo, wakati bado yupo wa kukugombeza.