Nyota Mzee na Benchi Linaloyumba

Benchi letu liko nje ya duka langu la kushona, na mguu wake mmoja ni mfupi. Upande huo alikuwa akikaa marehemu mdogo wangu, fundi saa, na uzito wake ndio uliotutuliza. Tangu Mungu amchukue, pale naweka koti langu. Tukicheka kidogo tu, benchi linayumba na kahawa inatumwagikia. Leo Seremala alikuja na kipande cha ubao auongeze ule mguu. Nikamwambia tunywe kahawa kwanza. Mwenzetu mwingine tunamwita Bunge, maana hoja haimpiti.

— Fundi, yule binti wa marehemu anayepima nyota hajambo? Bunge aliuliza.

— Hajambo. Jana alinipigia. Wamepata sayari kubwa ajabu, Dunia yetu mbele yake ni kokwa. Inaizunguka nyota iliyozeeka ikavimba.

— Wameiona?

— Hawajaiona. Mwanga wa nyota unaifunika. Ila sayari inaivuta nyota, nayo inayumba kidogo. Wanapima huko kuyumba.

Seremala akaguna.

— Si wangepima nyota kijana, mwenye nguvu zake?

— Anasema, "Baba mkubwa, nyota ya aina ile ikiwa kijana ina moto mno, inajizungusha mbio, haipimiki vizuri. Ikizeeka inapoa, inapunguza mwendo, ndipo inapimika."

— Mwenda pole hajikwai, alisema Bunge.

— Bwana wee, tumeambiwa inayumba, Seremala alimkatiza.

— Inayumba kwa shibe. Haba na haba hujaza kibaba. Imekula visayari vya jirani, kimoja kimoja, mpaka ikavimba. Baba mkwe wangu akitoka kula kwa watu hutembea hivyohivyo.

— Na hilo lisayari likubwa mbona halijaliwa? Seremala alimbana.

— Linamzungukia kwa mbali. Mkubwa mwenye njaa humsalimii kwa mkono. Na Jua letu likizeeka litakuja kutumeza sisi, Seremala bado ameshika ubao wake.

Tulicheka. Kahawa ikanimwagikia gotini.

— Haivimbi kwa kula, nikawaambia. Ila hata hao wapimaji wana shaka yao. Nyota mzee hutetemeka yenyewe pia, kama mtu anayepumua kwa shida. Kwa hiyo wanaipima miaka, wasije wakadhani ni sayari kumbe ni uzee.

Seremala akaugeuzageuza ubao wake.

— Na wewe, kaka? Tangu mazishi hukati kitambaa kikanyooka. Ni uzee, au ni yeye?

— Niache, Seremala. Bado napima.

Hapo akaja mwanamke mmoja, mimba imemtangulia, gauni la kupanuliwa liko mkononi. Alikuwa anahema.

— Shikamooni. Samahani, hapa penye koti pana mtu?

Nilimtazama Bunge. Bunge alitazama ndani ya kikombe chake. Seremala alinitazama mimi. Kusema yupo, ningekuwa nasema uongo mbele ya Mungu. Kusema hayupo, ulimi ulikataa.

Nikalichukua koti, nikalipakata.

Yule mama akaketi taratibu, na benchi likatulia. Seremala akauweka ubao wake chini. Kikombeni mwangu ilibaki kahawa kidogo, nayo haikutikisika.