Bwana Alivyonitoa Katika Yoti Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Kabambare! Asifiwe na mama walioketi mulangoni, asifiwe na wazee wa benchi ya mbele! Nimetoka Kasongo kwa baiskeli, siku mbili njiani, miguu inaniuma lakini moyo hauniumi. Ninaitwa Yakobo, mimi ni muuzaji wa chumvi na vitambaa. Mama huyu mwenye kilemba cha kijani ni muke wangu, Mama Sifa. Muchungaji wenu aliponiomba nisimame niseme Mungu alichonitendea, nilimuuliza, "Hata kama ni jambo la kuchekesha?" Akasema, "Sema tu." Basi chekeni mukitaka. Mimi wakati ule sikucheka.

Ndugu zangu, Mungu amewatoa wengine katika pombe. Wengine amewatoa katika uchawi. Mimi alinitoa katika yoti.

Ninaona munatazamana. Yoti ni mashua ya wazungu, ya kutembelea tu. Haivui samaki, haibebi magunia, haivushi watu. Inapakwa rangi nyeupe, ina tanga, ina motere ndogo nyuma, ina viti vyenye magodoro, na kazi yake ni kumuketisha mutu juu ya maji ili apigwe na upepo. Ndiyo hiyo. Mimi, mutoto wa mulimaji wa kule Wamaza, niliinunua.

Zamani nilikuwa karani wa mizani kwenye kampuni ya pamba. Mukubwa wetu, muzungu mumoja tuliyemuita Musiyu Gastoni, aliileta yoti ile kwa treni mupaka Kibombo, halafu akaipandisha Lualaba mupaka bandari yetu ya Kasongo. Kila siku ya Mungu, Jumapili, alikwenda majini na rafiki zake. Sisi makarani tulisimama kwenye matope tukipokea vikapu na miavuli. Siku moja bibi mumoja alinipa viatu vyake nivishike mupaka watakaporudi. Nilivishika mupaka jua likageuka. Hakunitukana, hapana. Alisahau tu kwamba kuna mutu chini ya viatu vile. Hapo ndipo kitu kilipoingia ndani yangu. Nikasema moyoni: siku moja nitaketi pale.

Niliacha ukarani, nikafungua duka dogo. Mungu akabariki. Chumvi ilikwenda, vitambaa vilikwenda. Mama Sifa naye alikamua mawese, akauza, akajinunulia cherehani. Akawa anashona karibu na mulango wa duka, na watu walikuja kwa cherehani wakaondoka na chumvi. Tulikuwa na watoto watatu na amani nyingi. Ninawaambia haya ili mujue kwamba shetani hakunikuta na njaa. Alinikuta nimeshiba!

Musiyu Gastoni alipomaliza muda wake ili arudi kwao, akaniita. "Yakobo, wewe ni mutu wa maendeleo. Yoti hii ninakuachia kwa bei ya urafiki." Bei ile ya urafiki ilikuwa akiba yetu ya miaka saba. Nililipa. Musiyu akanishika mukono kwa mikono yake yote miwili, mbele ya watu, na wakati ule muzungu hakushika mukono wa mutu mweusi hivi hivi. Nilirudi nyumbani kama mutu aliyepewa nishani.

Mama Sifa aliuliza neno moja tu. "Baba Sifa, inakula nini?"

Nikamujibu, "Ni mashua, si mbuzi."

Ndugu zangu, inakula!

Wiki ya kwanza nilipeleka watu wangu majini, na sitasema uongo kanisani: ilikuwa tamu. Upepo uliingia katika shati, watoto walipiga kelele, watu wa ng'ambo walisimama kutuangalia. Niliketi pale pale alipoketi muzungu. Nilijiona nimefika.

Wiki ya pili ofisi ya teritware, ile ya serikali, ikaniita. Kumbe kila chombo chenye motere kina kodi yake, na karatasi yake, na namba ya kuandikwa ubavuni kwa rangi inayokubaliwa, na rangi ile lazima itoke Kindu. Halafu mahali pa kuifunga pale bandarini palikuwa pa kampuni, nami sikuwa mutu wa kampuni tena, kwa hiyo nikalipa kamba kulala kwenye nguzo. Halafu mulinzi, kwa sababu wezi walipenda misumari yake ya shaba. Halafu esanse, mafuta ya motere, inayokuja kwa pipa na inanywewa kama maji ya kisima. Motere ikivunjika chuma kidogo kama kidole, barua inakwenda mupaka Ulaya, na chuma kinarudi baada ya miezi mitano kikiwa si chenyewe. Panya walikula tanga. Niliponunua tanga lingine, ukungu ukalila. Kila kiangazi lazima kuipandisha juu ya magogo, kukwangua, kukalafati nyufa kwa pamba na lami, kupaka rangi mara tatu. Na watu wa kuivuta juu wanataka kula, na hawali mihogo mitupu siku ile, kwa sababu wanavuta mali ya tajiri!

Na rafiki! Sikujua nina rafiki wengi hivyo. Kila siku ya Mungu walifika na kofia zao, na mutu hawezi kuwaketisha rafiki juu ya yoti na njaa. Kuku, mchele, pombe. Kengele ya kanisa ililia ng'ambo ile, nasi tuko katikati ya maji. Niliisikia. Nilisema, wiki ijayo. Nilisema hivyo kwa miaka miwili.

Duka likaanza kukonda. Kwanza chumvi ikapungua kwenye rafu, halafu vitambaa vikabaki vile visivyopendwa. Binti yetu Sifa alipata nafasi kwenye shule ya misioni ya wasichana. Masista waliomba sanduku la bati, blanketi mbili na nguo za sare. Nilikuwa na pesa ile mukononi asubuhi. Jioni ilikuwa imekuwa nanga mupya, kwa sababu ile ya kwanza ilikatika ikabaki chini ya Lualaba. Sifa hakulia mbele yangu. Alichukua jembe, akamufuata mama yake shambani. Mukitaka kujua uzito wa nanga, ndugu zangu, muangalie mugongo wa mutoto wenu akienda shambani siku ambayo wenzake wanakwenda shule.

Hata hapo sikuacha. Mutumwa hasemi "mimi ni mutumwa." Anasema, "nimekwisha kutumia nyingi, siwezi kuacha sasa."

Sasa ninafika kwenye siku yenyewe. Nilikuwa na fundi wa mashua, Fundi Rashidi, Mwislamu wa mujini, watu wa ukoo wake wamejenga mashua pale Kasongo tangu mababu. Ni yeye aliyeikalafati yoti yangu kila kiangazi. Mwaka ule aliniambia mbao mbili za chini zibadilishwe. Nilitafuta pesa kila mahali, sikupata. Mama Sifa alikuwa ameenda Lusangi kwa mazishi ya shangazi yake. Niliingia chumbani. Nikaitazama cherehani.

Ndugu zangu, ninaona haya kusema, lakini ushuhuda usio na haya ni majivuno tu. Niliifunga cherehani ya muke wangu katika mukeka, nikaiweka nyuma ya baiskeli, nikaisukuma kwenda sokoni kuiuza.

Karibu na musikiti nikakutana na Fundi Rashidi, amebeba shoka lake begani. Tukasalimiana. Akaona gurudumu la chuma limechungulia kwenye mukeka.

"Yakobo, hii si cherehani ya Mama Sifa?"

"Ni yenyewe."

"Inakwenda kutengenezwa?"

Nikasukuma baiskeli nipite. Akasimama mbele ya baiskeli, akashika usukani.

"Inakwenda kuuzwa ili unilipe mimi?"

"Umesema mbao mbili, Fundi. Nitafanya nini?"

Watu wakaanza kutuzunguka. Halafu akasema, "Njoo." Tukashuka mupaka bandarini, mimi na baiskeli yangu na cherehani ya watu. Yoti ilikuwa juu ya magogo, nyeupe, nzuri kama bibi harusi. Fundi akachomoa kisu, akapiga magoti chini yake, akakisukuma katika mukuku, ule muti mukubwa wa chini unaobeba chombo chote. Kisu kiliingia mupaka mupini, bila nguvu, kama mutu anayekata ndizi mbivu.

"Si mbao mbili," akasema. "Imeoza yote. Muti huu ni wa Ulaya, haujui maji yetu wala mududu wetu. Nilijua tangu mwaka jana."

"Na ulinyamaza?"

"Nilinyamaza, maana nilikuwa ninakula. Watoto wangu wanakula kwa yoti yako, Yakobo. Ningeendelea kunyamaza. Lakini leo umeniletea mukono wa muke wako kwenye baiskeli. Mungu ataniuliza. Sichukui pesa ile. Na nikitengeneza chombo hiki tena, mukono wangu ukauke."

Ndugu zangu, nilisikia mahubiri mengi katika maisha yangu. Siku ile Mungu alimutuma Mwislamu mwenye kisu! Fundi yule alijinyang'anya chakula chake mwenyewe ili aniambie kweli. Rafiki zangu wa kuku na pombe, walioketi juu ya mbao zile, hakuna aliyeniambia neno. Mutu aliyelipwa kwa kosa langu ndiye aliyenifungua.

Nilipiga magoti kwenye matope, pale pale nilipokuwa nimeshika viatu vya bibi yule. Nikasema, "Bwana, nilitaka kuketi mahali pa mutu mwingine. Wewe ulikuwa umenipa mahali pangu, nami nilipadharau. Nitoe." Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Lakini nilipoinuka nilikuwa mwepesi, kama mutu aliyetua gunia ambalo alikuwa amelizoea mupaka akafikiri ni mugongo wake. Haleluya! Fundi Rashidi alikuwa ameshika baiskeli isianguke. Akauliza tu, "Tunaivunja?" Nikamuambia, "Tuivunje."

Tuliivunja siku nne. Motere ilinunuliwa na muzungu mumoja wa mashamba kwa bei ya kicheko, nami nikacheka pamoja naye. Wahunzi walichukua vyuma. Mbao nzima zilikuwa chache. Fundi alizichagua moja moja, akatengeneza meza ndefu, akakataa malipo. Tanga, lile la tatu, lilikuwa bado lina nguvu. Shauri la tanga nililiacha kwa mwenye cherehani.

Mama Sifa aliporudi kutoka Lusangi, nilimungojea njiani, mbali na nyumba, ili asisikie kwa wengine. Nilimuambia yote. Nilimuambia na habari ya cherehani. Alitua kikapu chake. Alinitazama mupaka nikatamani anipige.

"Ulifika nayo mupaka wapi?"

"Mupaka musikitini."

"Na ikarudi?"

"Imerudi. Iko mahali pake."

Akabeba kikapu chake tena. Akasema, "Basi twende nyumbani. Lakini pesa za nyumba hii, kuanzia leo, ni mimi ninashika." Nikasema, "Amina." Na hiyo, ndugu zangu, ni amina yangu ya kweli kuliko zote nilizowahi kusema!

Hakunisamehe siku moja, nisiwadanganye. Alinisamehe kidogo kidogo, kama mutu anavyolipa kodi. Nilianza tena na baiskeli na gunia moja la chumvi: Kasongo, Wamaza, Lusangi, mupaka hapa kwenu. Tanga lile lilitoa kaptula nyingi na mifuko mingi, tukauza, na mwaka uliofuata Sifa aliingia shule na sanduku lake la bati. Alichelewa mwaka mumoja. Mwaka ule ni deni langu kwake, ninajua. Sasa anasoma, anaandika barua kwa mukono muzuri kuliko wangu wa ukarani.

Na Fundi Rashidi? Tulikula naye Idi iliyopita. Anatengeneza mitumbwi ya wavuvi, miti ya kwetu inayojua maji ya kwetu. Siku ninapotaka kuvuka Lualaba ninamupa muvuvi konzi ya chumvi, ananivusha, ninashuka ng'ambo na kwenda zangu. Mutumbwi ule unalala wapi, unapakwa nini, unavuja wapi, si shauri langu. Munajua raha ya kutojua? Mimi ninaijua!

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba upepo wa majini ni zambi, wala kwamba mutu mweusi asimiliki kitu kizuri. Mungu ni mwenye vitu vizuri. Nimekuja kuuliza swali la muke wangu: hicho ulicho nacho, kinakula nini? Kama kinakula shule ya mutoto, kama kinakula siku ya Bwana, kama kimefika kwenye cherehani ya mwenzako, usiongeze rangi juu yake. Mulete Bwana aingize kisu chake. Usiogope. Yeye hakatai mutu kwa sababu ya upumbavu wake, ningekuwa nimekataliwa zamani. Mutegemee. Alinipokea mimi na lami kwenye mikono.

Bwana ashukuriwe kwa fundi musema kweli, ashukuriwe kwa chumvi na baiskeli, ashukuriwe kwa muke niliye naye. Mimi ninakaa sasa. Mama Sifa, simama nawe, mama, uwaambie niliyoyasahau. Ninaona umeshika hesabu ya yote.