Filimbi ya Mkono wa Kushoto

Muuguzi alipanda basi akitaka kusinzia tu, ila masikio yake yalikataa. Mbele yake mama mmoja alipakata kichwa cha treni ya mvuke cha bati, kidogo kama kiatu. Mzee wa pembeni, aliyejitambulisha kuwa dereva mstaafu wa treni hizohizo kabla hajaulizwa, alikikagua kama anayekagua mkwe.

"Kazi safi, mama, lakini filimbi imekosewa. Kwenye treni zetu kamba yake ilikaa kulia."

"Ndivyo wanavyoniambia wote wanaokusanya vitu hivi. Nakipeleka kwa fundi aihamishe, labda watakipokea kwenye maonyesho."

"Aliyekitengeneza hakuwahi kuendesha, eh?"

"Marehemu mume wangu aliendesha miaka thelathini, baba. Hiki alikitengeneza baada ya kiharusi. Mkono wa kulia ulishakufa, akasema filimbi ataivuta kwa huu uliobaki."

Muuguzi, ambaye kazini halii, akageukia dirisha.

"Mama, usiihamishe," mzee akasema.

"Si wewe uliyesema imekosewa?"

Basi likasimama. Mama akashuka, akavuka barabara kuelekea kwa fundi. Mkono wa kushoto wa mzee ulibaki hewani, ukivuta kamba ambayo haipo.