Mkunga na Mtamba Aliyekataa Kusimama

Marehemu kaka yetu, ambaye nyote mlimwita Mkunga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mifugo, chumba cha mwisho karibu na josho la ng'ombe. Alikuwa kifungua mimba wa baba yetu mkamuaji na mama yetu mshonaji. Mimi ninayesoma wasifu huu ni dada yake niliyemfuata, nikampokonya mgongo wa mama. Alinisimanga kwa hilo hadi uzeeni.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975. Mwalimu alimlalamikia baba kwamba mtoto ananuka zizi. Baba akajibu, "Mwalimu, na maziwa ya chai yako yametoka wapi, dukani?" Mwaka 1978 aliajiriwa pale pale shambani, upande wa kuzalisha ng'ombe, na jina la Mkunga likamganda.

Alimuoa wifi yangu tarehe 2 Agosti 1986. Bwana harusi alichelewa, maana ng'ombe alikuwa na uchungu. Alifika suti imenyooka, mkono mmoja unanuka dawa hadi begani. Mama mkwe akauliza, "Jamani, mwanangu anakuja kuolewa au kuzalishwa?" Watu walicheka sana.

Alistaafu mwaka 2016, akafuga mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, nyuma ya nyumba. Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza kunyanyua vitu vizito. Hapo ndipo alipokosea, nami nasema kwa kuwa yeye mwenyewe alisema. Miaka yote aliwafokea wafugaji: "Mtamba hapandishwi kwa sababu nyie mna hamu ya maziwa! Subirini mwili ukomae." Wa kwake akampandisha mapema, tena kwa dume kubwa. Nilipomuuliza akaniambia, "Mdogo wangu, yeye ana muda, mimi sina. Nataka nimwachie mke wangu ng'ombe anayekamuliwa." Mganga hajigangi.

Mwanzoni mwa mwezi huu mtamba alizaa kwa shida. Ndama alikuwa mkubwa mno. Kaka na daktari wa mifugo walimvuta kwa kamba, akatoka amekufa. Mama yake hakuinuka tena, mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma ilikuwa imebanwa na ndama wakati wa kuzaa. Ng'ombe wa hivyo asipogeuzwa ubavu mara kwa mara, uzito wake mwenyewe unaua mguu wa chini. Kaka alimtandikia majani makavu, akamkanda nyonga kwa maji moto, akamnywesha kwa ndoo, akamgeuza kwa magunia na bega lake. Tulimpigia kelele, "Moyo wako, wewe!" Akasema, "Nikilala mimi, nani atamgeuza?" Mwenye bucha alikuja, akafukuzwa. Na aliyejua kuliko sisi sote kwamba mtamba hatasimama ni yeye, aliwaona wengi kazini. Inaniuma jamani, inaniuma.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, alasiri, bandani, akiwa amemwegemea mtamba wake.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watano, mimi dada yake, na mtamba huyo. Leo kabla jeneza halijatoka, mimi na wifi tuliingia bandani na nguo zetu za msiba, tukamgeuza. Hakujaribu hata kukunja mguu. Kesho asubuhi mwenye bucha atakuja, na safari hii hatuna wa kumfukuza.

Kaka, tumeshindwa. Lala kwa amani.