Kiti Kilichoziba Spika

Ndani ya treni ya asubuhi, mshonaji mmoja alijifanya anasoma tiketi yake, ingawa ilikuwa na mstari mmoja tu. Masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako fundi wa spika alikuwa akimsimulia mama asiyemjua.

"Nilifunga spika sebuleni kwetu, kiti cha baba kikawa kinaziba ile ya kushoto. Nikakipeleka barazani, nikapima sauti upya kutoka kwenye kochi. Mama, mvua ikinyesha kwenye filamu unatafuta mwavuli!"

"Na mzee?"

"Alikifuata kiti chake."

"Barazani? Nawe ukamwacha?"

"Miaka miwili. Nilidhani anapenda upepo."

"Upepo! Si ungesogeza spika, mwanangu?"

"Vipimo vingeharibika," fundi alisema, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa. Mshonaji alikuwa upande wa mama, ila hakuna aliyemuuliza.

"Basi mrudishie kiti chake."

"Nimekirudisha jana, tulipotoka kumzika. Kimeziba spika vilevile, na kukigusa siwezi."

Treni ikasimama. Mama alikuwa ameshainuka na kikapu chake ashuke. Akaketi tena, akakipakata.