Bi Kola na Mashine ya Nyuzi Nne

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi kamili jioni, Bi Kola atazima cherehani yake na kutoka mlangoni baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika karakana yetu ya sare. Karani amenipa mimi mpiga pasi kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Amesisitiza niandike kwa heshima. Heshima ninayo, ila ni ya kuazima, basi tuitumie upesi kabla mwenyewe hajaidai.

Alikuja hapa enzi za cherehani za kukanyaga kwa mguu, akaanzia kwenye mifuko ya makoti ya wauguzi. Mwaka wa tatu akapewa kola, na kola ndizo zilizompa jina. Wapo wanaodhani kola ni kitambaa tu cha kuzunguka shingo. Hao hawajawahi kupiga pasi kola iliyoshonwa na mtu wa ovyo. Za Bi Kola zililala zenyewe, ncha mbili sawasawa. Nimezipiga pasi maelfu kwa maelfu na sikupata hata moja ya kumrudishia, ingawa Mungu anajua nilivyotafuta.

Umeme ulipoletwa, cherehani zikabadilika, mguu wake ukakataa. Uliendelea kukanyaga popote alipokaa. Aliwahi kusinzia kwenye kikao cha mkurugenzi, mguu ukawa unagonga sakafu, tap tap tap. Mkurugenzi akadhani ni dalili ya mtu mwenye haraka, akafupisha hotuba. Wafanyakazi wote tunamshukuru kwa hilo hadi leo.

Ndiye pia aliyeokoa mashati ya walinzi, mwaka ule mkataji alipolaza kitambaa vibaya na kukata mikono mia moja na ishirini, yote ya kushoto. Kabla haijashonwa, Bi Kola aliushika wa kwanza, akaushika wa pili, kisha akamwuliza mkataji kwa upole kama walinzi wa siku hizi huzaliwa hivyo. Mkataji akaanza kutafuta pa kujificha.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimepiga pasi upande mmoja. Kuna habari ya mashine ya ovaloki.

Ililetwa miaka tisa iliyopita. Cherehani ni mpole: ukikosea, unarudi nyuma, unafumua, unaanza tena. Ovaloki ina kisu. Inakata ukingo wa kitambaa na kuuzungushia nyuzi nne usifumuke, yote kwa mpigo mmoja, na kurudi nyuma haijui. Pamoja nayo akaajiriwa fundi wa kuifundisha, na fundi mwenyewe hakuwa mgeni kwa Bi Kola. Alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, wanaishi nyumba moja.

Msimamizi akatoa amri. Mwisho wa mwezi kila fundi angeshona shati zima mbele yake kwa mashine zote mbili. Atakayeshindwa angehamia meza ya vifungo, kule kona ya nyuma karibu na choo. Meza hiyo Bi Kola mwenyewe ndiye aliyeibatiza Stesheni, kwa kuwa wanaokaa pale wanasubiri safari tu.

Mafundi wengine wakaenda kwa mkwe kufundishwa. Bi Kola hakwenda. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akimsahihisha yule binti namna ya kukunja mashuka. Iweje kazini amwinamie? Akaamua kuiba kwa macho. Alikaa kwenye cherehani yake amepinda shingo kama mtu anayesoma gazeti la jirani. Shingo ikamuuma wiki mbili, akausingizia mto.

Shati lake la kwanza la ovaloki lilitoka na dirisha. Kitambaa kilijikunja chini, hakukiona, kisu kikapita nacho. Nililetewa nilipige pasi, nikalipiga, pamoja na dirisha lake.

Baadaye mshono ukanyooka, tena vizuri. Kumbe alikuwa na ujanja. Uzi wa koni moja ukiisha, alifunga uzi mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, akavuta, nao ukapita njia ya mwenzake hadi mwisho. Kwa fundo hilo alifanya kazi siku nyingi bila kujua uzi unapita wapi.

Siku mbili kabla ya mtihani, mtu fulani alizichomoa nyuzi zote nne asubuhi na mapema, apate kucheka kidogo. Mtu huyo ni mimi. Nakiri leo kwa kuwa kuanzia Jumatatu Bi Kola hatakuwa na mkasi karibu.

Alitunga uzi kwenye sindano kwanza, kama anavyofanya kwenye cherehani, ndipo akahangaika na nyuzi za chini. Zikakatika. Akarudia, zikakatika. Mara ya tano akaweka mikono mapajani, akakaa. Nikatazama chini: mguu wake ulikuwa umetulia. Miaka yote ile sikuwahi kuuona umetulia. Kicheko kikanikauka.

Saa ya chakula watu wakatoka. Mimi nilikuwa chumba cha pasi, na dirisha lake halina pazia. Bi Kola alimwita mkwe wake, akamwambia, "Mwanangu, mtambo huu umenishinda. Nianzishe mwanzo kabisa, na usinionee haya."

Yule binti akafunga mlango, akavuta kigoda kifupi kuliko kiti cha mama mkwe wake, akaketi.

"Za chini kwanza, mama. Sindano ziwe za mwisho. Ukizitanguliza, nyuzi zinanasana, zinakatika."

Mmoja akatunga, mwingine akachomoa, mara kumi na moja. Chakula kikawapita wote wawili.

Siku ya mtihani Bi Kola alikuta mashine iko tayari, nyuzi zote mahali pake. Akazichomoa mwenyewe moja baada ya nyingine mbele ya msimamizi, akatunga upya kuanzia za chini, akashona. Msimamizi akaligeuza shati nje ndani, akaandika kwamba amefaulu. Tulipomwuliza Bi Kola nani amemfundisha, alijibu: macho yake. Mkwe alikuwa hatua mbili kutoka pale, akifuta mashine yake. Hakuinua kichwa.

Tangu siku hiyo amefanya kazi katikati ya mashine mbili, cherehani kushoto, ovaloki kulia, akijizungusha kwenye kiti cha kuzunguka kama mkuu wa idara. Amefundisha mafundi kumi na wanne. Jina la ufundi likabaki kwake peke yake, na kwa miaka tisa yule binti hakuwahi kulidai, si hapa wala, ninavyosikia, nyumbani.

Jumatatu hii msimamizi alitukusanya, akamwuliza mstaafu wetu nani akabidhiwe kiti chake. Tulijiandaa kwa hotuba. Bi Kola akasimama, akamshika mkwe wake mkono.

"Apewe huyu. Ndiye aliyenifundisha ovaloki. Niliwaambia ni macho yangu. Niliwadanganya."

Mkwe akainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Bi Kola, tunakushukuru kwa kola zisizo na lawama, kwa vikao vifupi, na kwa mafundi uliotuachia. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, chai inayonyweka ikiwa bado moto, na nyumba yenye amani kama uliyoijenga. Ukipita huku kutusalimia, utakuta kiti chako kina mtu. Lakini atainuka akupishe.